Niliuziwa ekari tatu Gwata, moja ikawa ya mayatima: Somo kwa mnunuzi mpya wa ardhi

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi hivi, kila tukimaliza swala ya Magharibi msikitini kwetu Ilala, hakosekani ndugu wa kunishika mkono na kuniuliza swali lile lile: "Sheikh, vipi kule Gwata? Ekari bado zinapatikana?" Mimi si sheikh, na wala si mtaalamu wa ardhi. Ni muuza vipuri vya magari. Ila inajulikana kwamba nina shamba Gwata, na siku hizi mwenye shamba upande ule anaonekana mjanja aliyewahi.

Sababu za watu kuulizia ziko wazi. Reli ya kisasa imejengwa, treni zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Agosti mosi mwaka huo ikazinduliwa rasmi. Vituo vya Soga na Ruvu viko huko huko Wilaya ya Kibaha. Tarehe 31 Julai 2025 ikazinduliwa Bandari Kavu ya Kwala. Mtu akiangalia ramani anaona Kwala, anaona Magindu, anaona Gwata, anaona mpaka wa Kisarawe, kisha anaanza kupiga hesabu kichwani. Madalali nao hawalali. Ujumbe unapita kwenye simu: "Ekari Gwata, bei ya kutupa, karibu na mradi, wahi kabla haijapanda."

Nimeona badala ya kumjibu mtu mmoja mmoja mlangoni pa msikiti, niandike somo moja kwa wote. Naliandika kama mtu aliyelipa ada ya somo hilo kwa fedha yake, na almanusura ailipe kwa akhera yake.

Nilivyonunua

Mwaka 2017, mawe ya msingi ya reli yalipowekwa pale Pugu mwezi Aprili, nilikuwa na fedha kidogo iliyokaa. Rafiki akaniunganisha na dalali. Tukapanda gari hadi Vigwaza, tukaiacha barabara ya Morogoro, tukachukua pikipiki kuelekea Kwala na kuendelea mbele. Njia ilikuwa vumbi tupu. Tulipofika nikaonyeshwa shamba zuri, lina miembe miwili mikubwa na mikorosho michache ya zamani. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa pale pale. Akaniambia: "Hili shamba la marehemu baba. Mimi ndiye mkubwa."

Ndugu msomaji, yaangalie vizuri maneno hayo mawili: marehemu na mkubwa. Mimi niliyasikia yote mawili, yakapita. Muislamu mzima, niliyekaa darsa za mirathi, nikasikia kwamba mali ni ya marehemu, nisiulize marehemu kaacha nani na nani! Nilichouliza ni bei. Tukakubaliana shilingi 800,000 kwa ekari, ekari tatu, jumla 2,400,000. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakaweka saini, mwenyekiti akagonga muhuri. Nikarudi mjini jioni ile ile nikiwa mwekezaji.

Sikulirudia shamba lile kwa miaka minne. Mwaka 2021 nikaenda na vibarua wawili kusafisha nipande mikorosho mipya. Hatujamaliza hata saa moja, akatokea bibi mmoja kajifunga khanga, ameshika jembe, nyuma yake mama kijana na watoto watatu wa kiume. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nani kakuonyesha hapa?"

Kumbe marehemu aliacha watoto watatu: yule aliyeniuzia, mdogo wake wa kiume, na dada yao ambaye ndiye bibi yule. Mdogo naye alikwishafariki baada ya baba, akaacha mjane na watoto wale watatu. Shamba lote ni ekari tano. Halikuwahi kugawiwa. Mkubwa aliuza sehemu yenye miembe, ndugu zake wakiwa hawana habari.

Hesabu yake haihitaji kuwa mwanachuoni. Watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, na mke wa marehemu alikwishatangulia kabla yake: fungu la mwanamume ni sawa na la wanawake wawili, basi mafungu ni matano. Mkubwa mawili, mdogo mawili, dada moja. Kwa shamba la ekari tano, haki ya aliyeniuzia ni ekari mbili. Yeye kauza tatu. Ekari ya tatu niliyokuwa naifyeka ilikuwa ya mayatima na shangazi yao.

Nilirudi mjini kumuona mtu mmoja anayejua sheria. Akaisoma karatasi yangu akasema: "Una mkataba, una mashahidi, una muhuri. Wale hawana karatasi yoyote. Ukiamua kushindana utawachosha." Nikafurahi. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Baba watoto, kwani wewe hujui hiyo ekari ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Sote tunaijua hadithi ya Mtume (saw) inayomuonya mwenye kudhulumu ardhi, hata ikiwa kiasi cha shibiri moja, juu ya adhabu ya Siku ya Kiyama. Mimi nilikuwa nashikilia ekari nzima.

Tukakutana mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili lipo kwa mujibu wa sheria, lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ndugu wakakubali wagawane kama dini inavyoelekeza, kamba ikapitishwa, mipaka ikapandwa minyaa. Mimi nikabaki na ekari mbili, upande usio na miembe. Shilingi 800,000 za ekari ya tatu nilizidai kwa yule mkubwa, akakiri deni, hana cha kulipa mpaka leo. Hiyo ndiyo ada yangu ya shule. Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Somo la kwanza: Unanunua nini hasa?

Wengi wetu tunasema "nimenunua ardhi" kama tunavyosema nimenunua kiti. Kisheria sivyo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia na kuimiliki kwa masharti. Sheria mbili kubwa, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Mjini na kwenye maeneo yaliyopimwa, haki yako hutolewa kwa hati ya muda maalumu, kama miaka 33, 66 au 99. Kijijini haki ni ya kimila, haina kikomo cha miaka, na inaweza kuthibitishwa kwa hatimiliki ya kimila. Mashamba mengi tunayotangaziwa Gwata na jirani zake ni ardhi ya kijiji. Kwa hiyo dalali anayekwambia "hati itatoka miaka 99, usijali" wakati anakuonyesha pori la kijiji, ama hajui anachosema, ama anajua sana.

Katika ardhi ya kijiji, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, si mwenyekiti peke yake. Na hata halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti uliogongwa chini ya mwembe, kama ulivyogongwa wangu, unaonyesha tu kwamba mwenyekiti alikuwepo. Unachotakiwa kukiona ni muhtasari wa kikao kilichokaa, wenye majina ya wajumbe na saini zao. Na wewe mgeni, halmashauri ina haki ya kukuuliza unaitaka ardhi ile kwa kazi gani. Usikasirike ukiulizwa. Kijiji kinachouliza ndicho kitakachokulinda kesho.

Jambo dogo lakini limewaponza watu: majina hufanana. Gwata ya Kibaha siyo Gwata pekee, hata Wilaya ya Morogoro ina Gwata yake. Andika kwenye karatasi kijiji, kata na wilaya, si jina tu.

Somo la pili: Anayeuza ni nani?

Haya ndiyo maradhi makubwa, na yanatuhusu sisi Waislamu kuliko tunavyopenda kukiri. Tuna elimu ya mirathi iliyokamilika, imetajwa fungu kwa fungu, halafu familia zetu zinakaa miaka 20 bila kugawa. Mzee anafariki, arobaini inasomwa, na shamba linaachwa "la ukoo". Mwenye sauti kubwa ndiye anayeuza, na kawaida wanaoumia ni wanawake na watoto.

Ukisikia neno marehemu, simama. Uliza ameacha nani. Uliza kama mirathi imefunguliwa, na nani aliyeteuliwa msimamizi, na uione barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Nayo usiisome kama hati ya kumiliki, kwani msimamizi ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Warithi wote wazima wakae, waseme wenyewe kwamba wanauza, waandike majina na saini. Wakiwepo watoto wadogo, zidisha tahadhari mara mbili, maana mali ya yatima haiuzwi kwa sababu mjomba ana shida ya nauli.

Aidha, sheria ya nchi imesimama hapo hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi kwa sababu tu ya hali yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hivyo anayekwambia "mke wangu hana neno" mjibu: basi na aje alisema mwenyewe.

Nenda kwa majirani wanne wa mipaka yote minne, bila dalali. Kaa, kunywa maji, uliza. Mimi ningefanya hivyo mwaka 2017, nyumba ya yule bibi haikuwa mbali hata hatua 300.

Somo la tatu: Ekari ni kubwa kiasi gani?

Vijijini ekari hupimwa kwa hatua, 70 kwa 70. Asili ya kipimo hicho ni sahihi: yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Tatizo ni kwamba yadi ina sentimita 91, na hatua ya binadamu haina urefu maalumu. Mpimaji akiwa na hatua ya sentimita 75, hatua 70 zinakuwa mita 52 na nusu. Zidisha kwa zenyewe, unapata mita za mraba 2,756 hivi, ilhali ekari ni mita za mraba 4,047. Karibu theluthi ya shamba imeyeyuka, na hakuna aliyekuibia ila miguu!

Rafiki yangu mmoja alinunua "ekari kumi" kwa mtindo huo. Alipoleta mpimaji mwenye kifaa, zikaonekana sita na ushei. Nenda na utepe wa mita au mpimaji, andika urefu wa kila upande kwenye mkataba, na mipaka iwekwe alama mbele ya majirani. Hakuna anayesema "kutoka mwembe hadi kichuguu" halafu akalala usingizi.

Somo la nne: Mipango ya Serikali iko wapi?

Mnunuzi mpya hudhani kuwa karibu na mradi ni faida tu. Kuwa karibu mno ni balaa. Mwaka 2017, nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Humo zilikuwemo nyumba za watu walioamini kwamba wamenunua mahali pazuri kuliko pote. Kigamboni nako, mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wenyeji miaka na miaka wakiogopa hata kuongeza chumba.

Kwa mnasaba huo, kabla ya kutoa fedha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Kwa Gwata hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, makao yake Mlandizi. Uliza mambo matatu. Kwanza, eneo lile limo ndani ya hifadhi ya reli, barabara, msitu au njia ya umeme? Pili, kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na eneo lile limetengwa kwa kilimo, makazi au malisho? Tatu, kuna mgogoro wowote uliosajiliwa? Swali la malisho si la kupuuza. Upande ule kuna wakulima na kuna wafugaji, na ng'ombe hasomi mkataba. Ukinunua ndani ya eneo la malisho umenunua ugomvi, tena ugomvi ambao wewe uko mjini na mwenzako yuko pale na fimbo.

Somo la tano: Hesabu kabla ya ndoto

Katika ardhi na nyumba kuna faida za namna mbili, na mwanafunzi mpya huzichanganya. Ya kwanza ni kupanda kwa thamani: unanunua, unangoja, unauza. Ya pili ni kipato: unapangisha au unalima, fedha inaingia kila mwezi au kila msimu. Ardhi ya kungojea haikulipi chochote mpaka siku ya kuuza. Nyumba ya kupangisha inakulipa, lakini inakula matengenezo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umenunua ekari kwa milioni 2. Baada ya miaka minane umeiuza milioni 4. Mtaani watasema pesa yako imezaa mara mbili. Lakini kila mwaka ulitumia laki moja kwa nauli, kufyeka na kumpoza mtu anayekuangalizia: hizo ni laki nane. Dalali kachukua asilimia 5 ya mauzo, laki mbili. Imebaki faida ya milioni moja. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi ni asilimia 10, yaani laki moja, nayo ni kama una risiti za gharama zako. Mkononi una laki tisa kwa miaka minane. Ukiigawa inavyotakiwa ni chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, wakati bei za vitu miaka ya karibuni zimekuwa zikipanda kwa kama asilimia 3 kwa mwaka. Umefaidi, alhamdulillah, ila hukutajirika.

Mfano wa pili. Umejenga vyumba vinne Mlandizi kwa milioni 15 pamoja na kiwanja, unapangisha 30,000 kila kimoja. Kwa mwaka ni 1,440,000 kwenye karatasi. Toa miezi miwili ambayo vyumba vitakaa wazi au mpangaji hatalipa, 240,000. Toa matengenezo 150,000. Toa kodi ya pango ya asilimia 10, 120,000. Inabaki 930,000. Ni asilimia 6 na ushei kwa mwaka, na fedha yako itarudi baada ya miaka 16, kabla hujahesabu kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU. Hata hivyo jengo bado lipo na kodi ya pango huweza kupanda. Sisemi usijenge. Nasema jenga ukiwa unaijua namba yako.

Kanuni nyepesi niliyojiwekea ni hii: fedha ya ada za watoto, ya matibabu na ya mtaji wa duka haiendi porini. Ardhi haiuziki kwa siku moja. Mwenye shida ya haraka huuza kwa bei ya aliyemuona ana shida.

Somo la sita: Mkopo, maandishi na zaka

Wapo ndugu wanaokopa kwa riba wanunue ekari, kwa hoja kwamba itapanda. Mbali na hukumu ya riba ambayo kila msomaji wa gazeti hili anaijua, hata kwa hesabu za kidunia hoja hiyo haisimami. Ardhi ya mfano wetu imekupa asilimia 5 kwa mwaka, mkopo wa riba unakudai zaidi ya hapo na unadai kila mwezi. Kwa anayehitaji kuwezeshwa, tangu mwaka 2011 nchi ina benki inayojiendesha yote kwa misingi ya Kiislamu, Amana, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Waulize mkataba ni wa aina gani, na usome kabla ya saini. Jina la Kiarabu pekee halihalalishi mkataba.

Kuhusu maandishi, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sheria ya nchi nayo inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Uandike mbele ya wakili, uwe na vipimo, bei, majina ya warithi wote, ridhaa ya mwenza, na picha. Lipa kwa benki, si mkononi. Ushuru wa stempu lipa upate risiti. Na ile "asilimia kumi" inayodaiwa na baadhi ya viongozi wa mitaa na vijiji, ambayo wakuu wa Serikali wamekwisha kuikemea, usiitoe bila kuuliza inaingia mfuko gani na risiti iko wapi. Baada ya hapo fuatilia hatimiliki ya kimila kwa jina lako.

Kuhusu zaka, nia ina uzito. Ardhi uliyoinunua uijenge ukae, haina zaka. Ya kupangisha, zaka hutazamwa kwenye fedha iliyoingia na kubaki. Uliyoinunua kwa nia ya kuiuza, wanazuoni wengi wanaihesabu kuwa bidhaa ya biashara, hutolewa asilimia mbili na nusu ya bei ya soko kila mwaka. Wapo wanaosema anayengoja bei ipande hutoa mara moja anapouza. Muulize sheikh wako, ila usijifanye hukuisikia.

Mwalimu wangu wa Gwata

Nimalizie nilipoanzia. Baada ya suluhu ile ya mwaka 2021, nilimfuata yule mjane nikitaka kumuuliza kama atakubali niinunue ile ekari ya miembe kwa njia ya halali safari hii, kila mtu akiwepo, kwa bei nzuri kuliko ya kwanza. Nilimwambia ni milioni moja na nusu. Nilidhani ataruka kwa furaha, maana nyumba yake ilikuwa ya udongo na paa la makuti.

Akanyamaza kidogo, akasema: "Baba, hiyo pesa nitaila mwaka mmoja. Hawa watoto wataila ardhi mpaka wazeeke. Niache nayo." Kisha akanipa maembe kwenye kikapu niwapelekee wanangu.

Leo bandari kavu imefunguliwa na barabara ya Vigwaza hadi Kwala ni ya zege. Kila dalali anayepita pale anamkuta mama yule na jibu lake lile lile. Hajawahi kuhudhuria semina ya uwekezaji, wala hana simu ya kupokea matangazo. Lakini anajua mali ni ya nani, inazaa nini na anaitunza kwa ajili ya nani. Mimi nilikwenda na fedha, nikakosa yote matatu.

Basi ndugu yangu, siku dalali atakapokupigia kwamba ekari zinakwisha Gwata, mwambie unakuja. Lakini ukifika, kabla ya kuuliza bei, waulize wenyeji: mwenye shamba hili alipofariki, aliacha nani?

Wabillahi tawfiq.